Sanduku Nililolipaka Rangi ya Fedha

Siku kumi hivi kabla ya Idi nililipaka rangi ya fedha sanduku la umeme la nyumbani kwetu. Rangi ilipokauka nikalipima joto, kipimo kikaniambia limepoa, nami nikaamini. Kosa langu ni hilo, na nalitaja mwanzo ili msomaji asije akasoma huku akingoja mahali ambapo mimi nitatokea mjanja. Hapapo.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja apinde bega. Tulikaa wawili, mimi na shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu utoto. Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani, nikakaa dirishani na sindano, kofia za vito za kudarizi kwa mkono na kikohozi cha miaka, na safari yangu ndefu kwa wiki nzima ilikuwa ni mpaka duka la pembeni kununua uzi. Wenzangu walikwenda bandarini, wengine Arabuni. Mimi nilivuka Feri mara moja, kwenda kuzika Likoni, nikarudi na kichwa kilichoniuma siku mbili.

Jirani wa mlango wa mbele, mama mmoja aliyekaanga viazi vya karai barazani kwake kila alasiri, alinibandika jina la mwali, kama kwamba mimi ni msichana niliyefungiwa ndani nikingoja harusi.

"Mwali, utatolewa lini?" aliniuliza kutoka ng'ambo, mwiko mkononi.

"Ikija posa ya maana."

"Posa ya nani? Nani atakayechukua kofia na kikohozi?"

Tuliishi hivyo miaka, na sikuwa na haja ya redio.

Shangazi alikuwa na sukari. Ugonjwa ule ulikuwa umemla polepole, na kufikia mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ya tisini, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kuanzia chini ya magoti. Mwiba ungemchoma unyayoni asijue. Lakini alilalamika baridi. Joto la Mombasa linamtoa jasho kwenye paji la uso, naye anasema miguu yake iko ndani ya barafu.

Sasa sikiliza ukuta ulivyokuwa, maana habari yote ni ukuta. Kuta zetu zilikuwa nene, lakini penye njia ya kuingilia palikuwa na kidaka, kile kishubaka ambacho wazee waliwekea taa na vyombo vyao vya kauri. Waliotia umeme nyumba ile, kabla sijazaliwa, walikiona wakadhani kimechongwa kwa ajili yao. Wakapigilia ubao, wakapachika sanduku la bati lenye fyuzi, wakaenda zao. Nyuma ya kidaka ukuta ulibaki mwembamba, upana wa kiganja tu. Na upande wa pili wa wembamba huo palikuwa na kitanda cha shangazi.

Kwa miaka mingi sanduku lile halikumsumbua mtu, kwa sababu hatukuwa na kitu cha kulisumbua. Taa tatu na feni. Lakini Ramadhani ile binti wa shangazi aliyeolewa Arabuni alimletea friza kubwa, nami kwa tamaa ya mkate wa sinia nikanunua oveni ya umeme. Kila alasiri, kabla ya futari, friza ikivuma na oveni ikioka, sanduku likaanza kutoa mlio mwembamba kama wa mbu aliyeingia chandaruani.

Siku ya nne au ya tano ya mfungo shangazi akaniita.

"Mwanangu, hebu gusa ukuta huu. Una uhai."

Nikaugusa. Ulikuwa na joto la buli la chai lililofunikwa kitambaa.

"Ni jua, shangazi."

Ukuta ule haukupata kuona jua tangu ujengwe. Lakini yeye aliridhika. Akasogea, akaunyoosha mguu wa kulia, akaulaza muundi wake kwenye ukuta, na uso wake ukalegea kwa raha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ukuta una huruma kushinda watu."

Mtu mwingine angemwita fundi siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa na mambo mawili yaliyonizuia. La kwanza, umeme ulipata kunirusha nikiwa na miaka kumi na miwili, na tangu hapo sanduku lile nilikuwa nikilipita kwa upande, kama mtu anayempita mbwa asiyefungwa. La pili, nilikuwa nimesoma fizikia. Kuipita niliipita kwa chupuchupu, lakini mtu aliyepita kwa chupuchupu ndiye anayependa kuitaja. Nilikuwa nimesoma katika gazeti kuukuu habari za kipimajoto ambacho hakigusi: unakilenga tu, kinasoma joto linalotoka kwenye kitu, kinakupa nambari. Nikasema, hiki kimetengenezwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Mwoga, na anapenda nambari.

Basi mwali akatoka. Nilikwenda mpaka Makupa, kwenye duka moja dogo lililouza vyombo vilivyoshushwa melini: taa za shaba, dira, saa zilizokufa, makoti ya mvua. Mwenye duka alikuwa mtu wa bara, mzee kidogo, aliyefanya kazi ya umeme wa meli mpaka akastaafu. Alikuwa na vipimo viwili vya namna hiyo, vyote vilivyotumika kwenye vyumba vya injini. Akaviweka mezani.

"Ndugu, unataka kupima nini?"

"Sanduku la umeme. Nataka kujua kama linachemka."

"Mtu akianza kutaka kujua kama linachemka, linachemka. Wacha kipimo. Niite mimi nije."

"Kwanza nipime."

Akanitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyekuja na dawa zake mwenyewe. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kijivu, kibaya cha sura, kama tochi iliyokanyagwa. Kilikuwa na kitufe pembeni na kijitabu kilichofungwa kwa mpira. Cha pili kilikuwa cheusi, umbo la bastola, na ukibonyeza kifyatuo kilitoa nukta nyekundu ya mwanga iliyokwenda kutua popote ulipolenga.

"Chukua hiki cha kijivu," alisema. "Kitufe hiki unakipanga kulingana na kitu unachopima. Vitu havitoi joto sawasawa. Kitu cheusi, kitu kilichopauka, kinakwambia ukweli. Kitu kinachong'aa ni kama kioo, kinakurudishia joto la chumba na lake kinalificha. Hiyo bastola haina mahali pa kupanga. Inapima kila kitu kana kwamba kimepauka. Ukiilenga kwenye chuma kinachong'aa itakudanganya."

"Na taa yake?"

"Taa haipimi kitu. Inakuonyesha tu ulipolenga. Na usisimame mbali, ukisimama mbali utapima mpaka ukuta."

Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Haya, naam, nimefahamu. Huku nikiitikia, nukta nyekundu ilikuwa ikitembea juu ya dari lake, ikashuka kwenye saa, ikapanda kwenye feni, na moyo wangu ulikuwa ukiifuata. Nilinunua bastola. Yule mzee alishusha pumzi akanifungia kwa gazeti, akasema kumi la mwisho la Ramadhani atakuwa na kazi upande wetu, atapitia alitazame sanduku. Akaandika nyumba ilipo.

Nilipofika kichochoroni gazeti lilikuwa limechanika, mdomo wa bastola umechungulia.

"Jamani, mwali kanunua silaha!" jirani akapiga kelele. "Nani kakuudhi?"

Nikamweleza. Akasikiliza kwa uvumilivu mkubwa, akageuza viazi, akasema, "Pima mafuta yangu." Nikapima. Mia moja na sabini na kitu. Akadondosha tone la unga, likapanda juu likichemka, akatikisa kichwa kukubali. "Haya, na hiyo sufuria."

Sufuria ilikuwa mpya, ya alumini, inang'aa mpaka unaona meno yako. Ndani yake maji yalikuwa yakitokota, kifuniko kinacheza. Nikalenga ubavu wake. Thelathini na tisa.

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. "Maji yanatokota, bastola yasema yana homa kidogo! Mwali, rudisha hicho kidude, umeuziwa mdoli."

"Ni betri," nikasema, nikaingia ndani.

Msomaji ameshaona. Mimi nilikuwa nimeambiwa Makupa kwa maneno, nikaonyeshwa kichochoroni kwa sufuria, na nikasema ni betri.

Nikaanza kupima. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilisimama hatua moja mbele ya sanduku, nikalenga, nikaandika nambari nyuma ya kalenda. Sanduku wakati huo lilikuwa na rangi yake ya zamani, kijivu kilichopauka, kwa hiyo bastola ilisema kweli bila kutaka. Hamsini na mbili. Hamsini na nne. Hamsini na nne. Hamsini na nane. Mlio ule ulikuwa ukiongezeka, na mara mojamoja taa zikipepesa. Hofu ilikuwa tamu kidogo, siwezi kuficha. Sikuwa na kazi nyingine yenye matokeo.

Ndani, shangazi alikuwa na ukuta wake. Tukishafuturu na kusali alirudi kitandani na kuulaza mguu palepale. Asubuhi namkuta vilevile, kanga imefunika miguu, muundi umeegemea.

Kisha ikaja wiki ya kupaka chokaa. Kwetu Idi haiingii katika nyumba chafu. Kila mlango umetolewa ndoo, vichochoro vyote vinanuka chokaa, na anayeacha ukuta wake jinsi ulivyo atasemwa mpaka mwaka wa pili. Nikapaka njia ya kuingilia. Kuta zikawa nyeupe, na katikati ya weupe ule sanduku likaonekana kama jino bovu. Nilikuwa na kopo la rangi ya fedha iliyobaki kwenye nondo za dirisha.

Nikazima swichi kubwa, nikavaa ndara miguuni, nikavaa na nyingine mikononi, na kwa kuwa mtu hawezi kushika kitu akiwa na ndara mikononi, nikazivua. Nikalifungua sanduku. Ndani niliona skrubu moja imelegea, waya wake umekuwa mweusi. Nikaikaza kwa koleo, ikazunguka kidogo, nikahesabu hiyo ni kazi ya ufundi. Nikafunga. Nikalipaka rangi ya fedha mara mbili. Liling'aa kama sinia la harusi.

Kesho yake alasiri, friza inavuma na oveni inaoka, nikalenga. Thelathini na tisa.

Nambari ileile ya sufuria. Nakumbuka niliiona, nakumbuka kuna kitu kilinigusa begani kama mtu anayetaka kupita, nami nikampisha. Nilikuwa nimekaza skrubu. Nilikuwa nimepona woga wa miaka. Sikutaka kuisikiliza sufuria.

Nikaenda duka la pembeni nikampigia simu yule mzee wa Makupa.

"Usijisumbue kuja. Limepoa. Lilikuwa hamsini na nane, sasa thelathini na tisa."

"Limepoaje?"

"Nimelikaza."

"Na nini?"

"Koleo."

Nikasikia magari ya kwao yakipita.

"Mimi ningekuja tu," akasema.

"Baada ya Idi, inshallah."

Siku zikaenda. Nambari nazo zikaanza kupanda tena, polepole, kama mtu anayepanda ngazi bila viatu. Arobaini. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Nikasema ni hali ya hewa. Kila nilipoandika nilitazama juu ya karatasi, ile hamsini na nane, nikasema bado tuko mbali. Mlio ulikuwa umekwisha, na hilo nalo nililihesabu kuwa habari njema. Badala ya mlio kulikuwa na ukimya wenye uzito, na ukipita pale njiani nywele za mkono zilikuwa zikisimama.

"Mwanangu, panya amefia wapi?" shangazi akauliza siku moja.

"Ni rangi, shangazi. Bado haijamaliza kukauka."

"Rangi hainuki hivi."

"Ni rangi na chokaa."

Akachukua chetezo akafukiza udi. Udi wake ulikuwa mzuri, wa kutoka kwa binti yake, na kuanzia siku hiyo alifukiza asubuhi na alasiri mpaka nyumba nzima ikawa na wingu. Watu waliopita dirishani walisema mashallah. Ndani ya wingu lile harufu nyingine zote zililala.

Siku mbili baadaye alikuwa akitetemeka kidogo, na hakutaka kula daku. Nikafanya nini? Nikachukua bastola, nikailenga kwenye paji la uso wake, nukta nyekundu ikakaa kati ya nyusi zake.

"Thelathini na tatu," nikasema. "Huna homa. Umepoa hata kuliko mimi."

"Basi ni saumu tu," akasema, akajifunika kanga mpaka kifuani. Alikuwa hapaswi kufunga, na alifunga.

Ikafika siku ya ishirini na saba. Alasiri nikalenga sanduku. Arobaini na tisa. Ilikuwa nambari kubwa kupita zote tangu nipake rangi, na juu ya mlango wa sanduku ile fedha ilikuwa imegeuka manjano mahali pa ukubwa wa sarafu. Nikaandika. Nikakaa dirishani na kofia yangu, na sikushona.

Jirani akaingia na sahani ya viazi, kama alivyoleta kila siku, nasi tulimpa mkate wa sinia. Akasimama njiani.

"Kuna kitu kinaungua humu."

"Ni udi wa shangazi."

"Udi haunuki mpira." Akaweka sahani chini. Akaunyanyua mkono, akasogeza mgongo wa kiganja chake karibu na sanduku, kama anavyolisogelea karai, na hata hakuligusa. Akaurudisha kwa kasi. "Zima! Zima umeme!"

"Ngoja nipime."

Wallahi, nilisema hivyo. Nilikuwa nimeshaishika bastola, nukta imeshatua kwenye fedha. Alinipiga mkononi ikaanguka. Akavuta kanga yake ya mabegani, akaizungusha mkononi, akalifungua sanduku, akavuta swichi kubwa chini. Friza ikanyamaza. Feni ikazunguka mara chache ikasimama. Ndani ya sanduku ubao ulikuwa mweusi wote, na kwenye ukingo wake palikuwa na utepe mwembamba mwekundu, hauna moto, unatembea tu taratibu kuelekea ndani ya ukuta. Akaumwagia mchanga uliobaki katika ndoo ya chokaa pale njiani.

Kisha akakitazama kidaka, akatazama ukuta, akauliza kwa sauti ndogo, "Nyuma ya hapa kuna nini?"

Shangazi alikuwa macho. Alitutabasamia. "Kumekuwa na giza?" akasema. "Njoni mkae." Mguu wake ulikuwa palepale, na chokaa kando yake ilikuwa imekuwa rangi ya chai.

Jirani alipiga magoti kando ya kitanda, akaifunua kanga. Ilinasa. Ikabidi aivute kidogokidogo, na udi wote wa Arabuni usingeweza tena kuficha harufu. Lile jeraha halikuwa jambo la siku ile. Lilikuwa la siku nyingi, lina rangi tatu, jeusi katikati, na refu kama ukanda kufuata mstari wa muundi ulipolala kwenye ukuta.

"Kuna nini?" shangazi akauliza, akatutazama mmoja mmoja. "Hakiniumi kitu."

Idi tuliisalia hospitali. Daktari alituambia kwamba joto lile, hata lisilochoma mkono wa mtu mzima, likikaa kwenye ngozi isiyohisi saa baada ya saa, linapika. Alitumia neno hilo, kupika. Aliuliza kama hapakuwa na mtu nyumbani. Nikasema nilikuwapo. Nilikuwapo kila siku, sikutoka. Walijaribu wiki mbili, kisha wakaukata mguu chini ya goti, naye shangazi aliupokea uamuzi ule kwa utulivu ulionitia hofu kuliko kilio.

Yule mzee wa Makupa alikuja bila kuitwa, akang'oa ubao na nyaya zote, akaufungia umeme upya mbali na ukuta ule. Alipoliona sanduku la fedha alipitisha kucha juu ya rangi, akaniangalia, akaendelea na kazi.

Siku shangazi aliporudi nyumbani tulimweka chumba cha mbele, karibu na dirisha langu. Jirani alikuja na viazi. Akamlisha kimoja kimoja, wakacheka mambo yao. Alipotoka nilimsindikiza mpaka mlangoni, na pale njiani, chini ya kidaka kitupu, ilikuwa imetundikwa kalenda yangu, imegeuzwa nyuma, na safu yangu ya nambari imejaa tangu juu mpaka chini. Alisimama akaisoma yote. Nilimngoja aniite mwali. Nilitaka sana aniite mwali.

Akasema, "Siku ishirini ulikuwa ukilipima sanduku, na mguu wa shangazi yako hukuugusa hata siku moja."